Unga wa Chini ya Gunia

Ulimi ulipotaja fisi, Nyamizi aliupiga kofi.

Hakukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyomwendea mtoto aliyetukana mbele ya wageni. Kisha akageuka kutazama mlango. Bahati nzuri ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kina mama bado wanafikicha macho mabandani, na sauti ya mashine alikuwa ameishusha mpaka ikawa mnong'ono. Waliosikia ni yeye na mpishi, Mzee Chaurembo, aliyekuwa amesimama na ungo mkononi, mdomo wazi.

"Rudia," alisema Chaurembo. "Mashine hiyo mwaka jana si ilisema binadamu?"

"Ilisema binadamu kwa sababu ulipiga chafya kwenye droo."

"Na watu wakakimbia kwa kutokea dirishani. Basi na leo labda fisi kapita hapa, kapiga chafya."

Siku nyingine Nyamizi angemjibu. Chaurembo alikuwa Mzaramo na yeye Mnyamwezi, na watani wa namna hiyo hawaachiani neno hata msibani. Hasa msibani. Lakini leo alimtazama shingoni tu.

"Hirizi yako ina nini ndani?"

"Ya babu. Haijawahi kufunguliwa."

"Ivue, ukaiweke nje. Halafu kanawe mpaka viwikoni."

Chaurembo akaenda bila kubisha, na hilo peke yake lilitosha kumwonyesha Nyamizi kwamba mambo yameharibika.

Ulimi kilikuwa kisanduku cha ukubwa wa redio, chenye droo ndogo iliyotoka na kurudi. Unaweka unga wa nyama kiasi cha ukucha, unadondosha dawa matone matatu, droo inajirudisha, unangoja dakika kumi na nne. Ndani mle mashine inasaka mstari mmoja tu wa vinasaba, ule ambao nyumbu ana wake na ngiri ana wake, na hakuna mnyama anayeazima wa mwenzake. Inaunakili mara mamilioni mpaka usomeke, halafu inaulinganisha na orodha ya wanyama wote wanaojulikana. Nyama uikaushe, uisage, uitie chumvi, mstari utakatika vipande lakini vipande vitabaki. Nyamizi alisomea stashahada ya kazi hiyo miaka miwili, na jambo aliloshika kuliko yote ni lile aliloambiwa na mwalimu wake siku ya kwanza: nyama haina aibu, ukiiuliza vizuri inajitaja.

Na siku hizi ilijitaja kwa sauti, kwa sheria. Ng'ombe wa nchi nzima walipomalizwa na homa ya kausha, mwaka ule wa kwanza punda aliuzwa kwa jina la swala, na mbwa kwa jina la mbuzi, karatasi zikiwa na mihuri mitatu mitatu. Watu wakaacha kuamini karatasi. Ndipo ikaamriwa kwamba kila nyama itaonjwa hadharani, mbele ya watakaoila, na Ulimi utatamka. Sauti waliyoweka ilikuwa ya mtangazaji wa mpira aliyestaafu. "Naaaam! Ni nyumbu huyo!" ingesema, kama vile nyumbu kafunga bao dakika ya tisini. Kina mama wa Kituo cha Lishe cha Mlogolo walikuwa wakipiga vigelegele.

Chaurembo aliporudi mikono ikichuruzika maji, Nyamizi alianza upya. Kwanza aliweka maji matupu, kuona kama mashine yenyewe ina uchafu. Dakika kumi na nne. "Hapana mnyama hapa," ulinong'ona Ulimi. Akachukua unga ulioganda kwenye shingo ya gunia la wiki iliyopita. Dakika kumi na nne nyingine. Nyumbu. Akachukua tena ule wa chini kabisa, ambao Chaurembo alimletea alfajiri akilalamika kwamba uji wake unatoa povu na una harufu ya nguo mbichi.

Fisi madoa. Mara ya pili.

Chaurembo aliketi juu ya debe. "Juu nyumbu, chini fisi," alisema polepole. "Mtani, sisi tangu lini tunachota juu tu?"

"Tangu tulipoanza kupewa."

Hapo ndipo kosa lilipolala, na lilikuwa kosa la watu wenye adabu. Ghalani, kwenye msumari, lilining'inia bambo la zamani za ushirika wa mpunga, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia ili utoe nafaka ya katikati na ya chini. Lilikuwa na kutu. Mlogolo hakuna aliyeligusa, kwa sababu bambo ni la mnunuzi. Aliyepewa huchota juu, anashukuru. Kupekua gunia la mtu aliyekuletea chakula mwaka wa njaa ni sawa na kumhesabia mwenyeji wako vipande vya nyama bakulini. Na mtu fulani, huko yanakojazwa magunia, aliijua vizuri adabu hiyo.

* * *

Bwana Mwakyoma, msimamizi wa ubora wa Mbugalishe, kampuni iliyoleta magunia, alipokea simu mara moja.

"Shikamoo, Mama Nyamizi."

"Marahaba. Mmetulisha fisi."

Akajibu kwa sauti ya mtu aliyeudhika kidogo: "Nani kawaambia mchote chini?"

Nyamizi aliishika meza. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alikuwa hata na majibu ya maji matupu mkononi, ya kumwonyesha kwamba mashine ni safi. Hakujiandaa kwa hilo.

"Kwa hiyo unajua."

"Mama, nisikilize. Nyumbu waliobaki hawajazi korongo moja. Ninao wa kutandaza juu ya magunia kwa mwezi mmoja, basi. Fisi ndio waliobaki. Wamekula ng'ombe wetu wote waliokufa, wamenenepa, wamezaana. Ndiyo nyama pekee inayotembea nchi hii. Tumeikausha, tumeisaga, tumeipima magonjwa yote, ni safi kuliko mbuzi wa sikukuu. Nikuulize, watoto wanapona au hawaponi?"

"Wanapona."

"Haya."

"Kwa nini hamkuandika?"

"Mngewapa?"

Nyamizi alihamishia simu sikio la pili.

"Magunia yako njiani sasa hivi. Wakiyamwaga, sina mengine. Nasema kweli, Mungu ananiona, sina. Chota juu kama siku zote. Ulimi utasema nyumbu, na utakuwa ni nyumbu kweli. Hakuna atakayedanganya."

Simu ikakatika, na neno la mwisho likabaki sikioni kama mdudu. Hakuna atakayedanganya.

* * *

Watoto wa kituo walikuwa kumi na tisa, na mmoja wao alikuwa mjukuu wake.

Kabula alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Alipoletwa, wiki tatu zilizopita, utepe wa kupimia mkono ulisimama kwenye nyekundu, na ulikuwa na nafasi ya kuzunguka tena. Kijiko kilimwingia kinywani na kutoka kama kinavyoingia na kutoka mfukoni, midomo haikukifuata. Juzi utepe ulisoma njano. Jana alimshika bibi yake kidole. Vitu vidogo hivyo, lakini Nyamizi alikuwa ameshafunga macho ya watoto sita kwenye kituo hicho, na alijua thamani ya kidole kushikwa.

Mama yake Kabula, Sikudhani, alikuwa binti pekee wa Nyamizi. Kina mama wote wa kituo walikuwa na sababu za kumchukia fisi. Waislamu walikuwa na yao, Wakristo nao walikuwa na hofu zao za uchawi walizozificha Jumapili. Lakini Sikudhani alikuwa na sababu yenye jina. Mume wake, Maganga, alikufa mwaka wa pili, miezi ile ambayo ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu na wachimbaji wenyewe hawana nguvu za kuinua jembe. Kaburi lake lilifika magotini. Siku ya tatu Sikudhani alikwenda kumwagia maji, akarudi na kipande cha sanda kimefungwa kwenye upindo wa khanga. Hakulia. Alikifua, akakianika, akakikunja. Tangu siku hiyo fisi akilia mbali usiku, alikuwa anainuka kitandani na kukaa wima mpaka anyamaze.

Yeye ndiye angetakiwa kumlisha mwanawe unga ule.

"Nikisema, ataumwaga," Nyamizi alimwambia Chaurembo. Walikuwa wamesimama uani wakitazama juu, maana mngurumo wa Mwewe, ile ndege ya mizigo isiyo na rubani, ulishaanza kusikika. "Namjua mwanangu. Ataumwaga, na wengine watamfuata, na kabla mwezi haujaisha tutakuwa tunachimba tena."

"Basi usiseme."

"Na nisiposema, nitakuwa nimemlisha nyama ya mume wake."

Chaurembo alikuna shingo, pale hirizi ilipokuwa. "Nyinyi Wanyamwezi mlibebea watu mizigo kutoka huku mpaka pwani, hamkuwahi kuuliza ndani mna nini. Mmeanza lini kupekua?"

Ulikuwa utani mzuri. Mwewe akashuka, akatimua vumbi, akaacha magunia manne, akaondoka. Hakusalimia mtu, na Nyamizi alimwonea wivu.

* * *

Saa nne kamili kina mama walikuwa wameketi kwenye mikeka, watoto mapajani, vikombe mbele yao. Uji ulikuwa umeshapikwa na mabaki ya wiki iliyopita, unasubiri tu ruhusa ya Ulimi kwa gunia jipya. Ndivyo walivyokubaliana tangu zamani, kwamba hakuna kuanza kunywa mpaka gunia la Alhamisi, siku ya mzigo, lijulikane.

Mchotaji alipatikana kwa kura, ili asiwepo wa kusema mwonjaji kapanga. Chaurembo alizungusha vijiti kumi na tisa kwenye kopo. Kila mama akavuta chake. Kifupi kikaangukia kwa Sikudhani.

"Ee, leo mwali katoka!" alipaza sauti Mama Tungu, mwanamke mnene wa zamani ambaye sasa ngozi ilimpwaya kama koti la kuazima. "Chota vizuri, mtoto wa watu, utuletee nyumbu mwenye mafuta!"

Sikudhani akacheka, akamfunga Kabula mgongoni, akasogea. Chaurembo alikata uzi wa gunia. Unga ulikuwa wa kahawia, laini, umelala sawasawa hadi mdomoni.

"Chota juu, mwanangu," alisema Nyamizi.

Sikudhani akamtazama. Mara moja tu, haraka, kama mtu anayetazama jua. Kisha akachota juu.

Dakika kumi na nne zilipita. Watu walizungumza habari za mawingu. Ulimi ukawaka taa ya kijani.

"Naaaam! Ni nyumbu huyo!"

Vigelegele vikapasuka. Mama Tungu akainuka kucheza, akakumbuka magoti yake, akaketi. Vikombe vikaanza kujazwa. Nyamizi akaegemea meza ya Ulimi, na moyo wake ukawa unapiga taratibu kabisa, taratibu za kutisha, kama kazi imeisha.

Sikudhani alikuja na kikombe kimejaa, akasimama karibu yake, akasema chini chini bila kumwangalia:

"Mama, chini kuna nini?"

"Chini ya wapi?"

"Miaka miwili nakuona ukisimamia kazi hii. Sijakusikia hata mara moja ukimwambia mtu achote wapi."

"Kampe mtoto uji, Siku."

"Nakuuliza."

"Mwanangu, usiniulize. Nakuomba kama mzazi wako."

"Kama ni sumu ungeshaipindua hiyo sufuria ya uji. Kwa hiyo si sumu." Sasa alimgeukia. Macho yake yalikuwa ya baba yake, hayajui kukimbia. "Ni kitu ambacho mimi nisingempa. Mimi hasa. Ndiyo maana umenielekeza pa kuchota kura ilipoangukia kwangu."

Nyamizi aliangalia ile mikeka, watoto kumi na wanane wengine, vijiko vikipanda na kushuka. Angeweza kusema ni ngiri. Angeweza kusema ni nyani, hata nyani. Alifungua kinywa ili aseme nyani.

"Fisi," alisema.

Sikudhani hakupiga kelele. Alisimama tu, na mvuke wa uji ukampanda usoni. Halafu akaondoka na kikombe chake, Kabula mgongoni, akazunguka nyuma ya jiko.

Nyamizi hakumfuata. Alihesabu. Alipofika mia mbili akaacha kuhesabu, akaanza kusali, akaona anamwambia Mungu mambo ambayo Mungu anayajua tayari, akanyamaza. Nyuma ya jiko palikuwa na shimo la maji machafu. Alitega sikio kama atasikia uji ukimwagwa.

Sikudhani alirudi. Kikombe kilikuwa kitupu. Kabula alikuwa amehamishiwa kifuani na uso wake ulikuwa umefichwa ndani ya khanga, haikuwezekana kujua lolote.

"Umeumwaga?" Nyamizi aliuliza, na sauti ilitoka ya mtoto.

"Fisi alishamla wa kwetu mmoja," alisema Sikudhani. "Nikimwaga, atakula wa pili. Nimeona nisimpe nafasi."

Nyamizi alinyoosha mkono kumshika. Binti yake akarudi nyuma hatua moja.

"Usinishike. Sijamaliza. Nimempa kwa sababu nimejua. Umenielewa, mama? Ningekuja kujua baadaye, mwakani, siku yoyote, nisingeweza kumtazama tena huyu mtoto, wala wewe. Mama Tungu naye ana kaburi lililofukuliwa. Bi Nzeyimana ana mawili. Kila mtu hapa ana fisi wake. Usiwachagulie."

"Wataumwaga, Siku. Watoto watakufa."

"Huenda."

"Wewe unasema huenda?"

"Nasema ni watoto wao."

Akavuka mkeka, mtoto mkono wa kushoto, mpaka kwenye gunia. Akapiga goti. Na mbele ya macho ya watu wote, Sikudhani binti wa Nyamizi, aliyelelewa asinyanyue kijiko kabla ya mgeni, aliuzamisha mkono wa kulia ndani ya gunia la watu, ukapita kiganja, ukapita kiwiko, ukafika karibu na kwapa.

"We mwana!" alimaka Mama Tungu. "Adabu iko wapi?"

"Iko juu," alijibu Sikudhani. "Mimi nataka ya chini."

Alitoa ngumi yenye unga, akaja mezani, akaifungua juu ya droo. Unga mwingine ukamwagika mezani. Nyamizi akatoa matone. Moja, mawili, matatu. Droo ikarudi ndani.

Aliipandisha sauti ya Ulimi mpaka mwisho. Kisha akawageukia kina mama, akavua kofia yake ya kazi, akawaambia yeye mwenyewe kabla mashine haijamtangulia. Aliwaambia kuhusu unga wa juu na unga wa chini. Aliwaambia alijua tangu alfajiri, na kwamba kama si huyu binti angenyamaza, na bado hajui kama angekosea. Aliwaambia unga ni salama, watoto wanapona kwa unga huo, na hakuna mwingine. Ilikuwa hotuba mbaya. Katikati alisahau alichotaka kusema, akabaki ameshika kofia.

Dakika zilizobaki hakuna aliyeongea habari za mawingu. Vijiko vilikuwa vimesimama hewani.

Taa ya kijani.

"Naaaam!" ilipasuka ile sauti ya furaha, ikagonga mabati, ikarudi. "Ni fisi madoa huyo!"

Mama mmoja akatapika. Mwingine akamwaga kikombe chake, na wa jirani yake akamwaga kwa sababu huyu kamwaga. Mama Tungu alinyanyuka, akambeba mtoto wake, akaelekea bandani, kikombe chake kimebaki mkekani kimejaa. Nyamizi alikwenda akakifunika na sahani, inzi wasiingie. Hakuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yake.

Aliyesema wa kwanza ni Chaurembo. Alikuwa na mwiko mkononi, na machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi mpaka ndevuni.

"Poleni, watani zangu," alisema. "Ila na mimi niseme langu, maana ndiyo kazi ya mtani. Huyu bwana alitula wabichi, bila hata kutuomba chumvi. Sisi walau tumemtia chumvi. Nani sasa hana adabu?"

Bi Nzeyimana, mwenye makaburi mawili, alitoa sauti kifuani iliyoanza kama kicheko ikaishia kwingine, akainamisha uso kwenye nywele za mwanawe, akawa anatikisika. Mkono wake, lakini, haukuwa umeachia kijiko.

Wote walikuwa wanamtazama Sikudhani. Walilijua kaburi la Maganga, wengine ndio waliomsaidia kulitafuta. Sikudhani aliketi chini mbele kabisa, mahali ambapo kila mtu angemwona, akamlaza Kabula mkononi. Chaurembo akamjazia kikombe. Akachota. Kijiko kikasimama kidogo mbele ya midomo ya mtoto, na Nyamizi aliona mdomo wa Sikudhani mwenyewe ukicheza, unamwambia mtu asiyekuwepo neno ambalo halikusikika.

Kabula alifungua kinywa. Uji ukaingia. Sikudhani akavuta kijiko, kijiko kikagoma. Akavuta tena. Mtoto alikuwa amekibana kwa meno yake manne, amekunja uso, na hataki kukiachia.